Namba Zinalingana, na Gari Bado ni la Uongo

Swali ni lile lile, na huulizwa kabla muulizaji hajalitia gari machoni: "Namba zinalingana?" Akijibiwa ndiyo, mkono unaingia mfukoni, akijibiwa hapana, anakata simu. Katika biashara ya magari adimu ya Kijerumani ya milango miwili, hasa yale ya miaka ya 1970 na 1980 yaliyouzwa kwa umma ili yaruhusiwe kushindana kwenye mbio, maneno hayo mawili yamegeuka hirizi. Wauzaji huyaandika kwa herufi kubwa juu ya matangazo, wanunuzi huyaitikia, na pande zote mbili huamini kwamba tarakimu za injini zikikubaliana na karatasi, basi uhalisi wa gari umethibitishwa na mjadala umefungwa. Mjadala haujaanza hata. Namba ya injini ni shahidi mmoja kati ya wengi wanaoweza kutuambia gari ni nini, na kwa bahati mbaya ndiye shahidi anayehongeka kwa urahisi kuliko wote.

Tuanze na maana ya swali lenyewe, kwa sababu wengi wanaouliza hawajui wanachouliza. Kwenye BMW nyingi za miaka ya 1970, injini iligongwa tarakimu zile zile za chasisi. Hapo kulingana ni kufanana kabisa. Porsche haikufanya hivyo. Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973, gari ambalo pengine ndilo linaloghushiwa kwa bidii kubwa kuliko mengine ya kundi lake, ina namba ya chasisi inayoanza na 911360 na namba ya injini inayoanza na 663. Hiyo ni mifululizo miwili, na haikukusudiwa ifanane. Kinachotakiwa kulingana ni namba iliyo kwenye injini na ile iliyoandikwa katika kumbukumbu za kiwanda cha Stuttgart gari lilipoundwa. Mnunuzi anayeinama na tochi kulinganisha injini na chasisi ya Porsche hafanyi ukaguzi, anafanya tambiko. Na akikuta Carrera RS ambayo tarakimu zake ni zile zile huku na huku, asifurahi, akimbie.

Sasa tuitazame namba yenyewe. Hiyo ni alama iliyopigwa kwenye chuma kwa mhuri, na kilichopigwa kwa mhuri hupigika tena. Injini ya Carrera RS ni ya aina ya 911/83, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,687 na nguvu ya farasi 210, na kasha lake ni la magnesiamu, madini mepesi ambayo hayavumilii joto na mkazo kama alumini. Makasha hayo yalipasuka na nyuzi za boliti zake ziling'oka, na mengi yalibadilishwa enzi ambazo magari haya yalikuwa mitumba ya kawaida tu. Kasha jipya lilitoka kiwandani bila namba, uso wake laini ukimsubiri mwenye nyundo. Isitoshe, injini ya aina hiyo hiyo iliendelea kufungwa kwenye Carrera zilizouzwa Ulaya mwaka 1974 na 1975. Kwa hiyo anayetaka kughushi hahitaji muujiza: anahitaji injini ya gari la mwaka unaofuata, jiwe la kusagia, seti ya mihuri ya tarakimu na jioni moja ya utulivu. Kinachomwangusha si namba aliyoipiga, bali uso alioipigia: ngozi ya kasha iliyosagwa haifanani na ile iliyotoka kwenye kalibu, na mkazo wa mhuri wa kwanza hubaki ndani ya chuma hata tarakimu zenyewe zikishafutwa, kiasi kwamba maabara huweza kuzisoma upya kwa kupaka tindikali. Anayeuliza tu kama namba zinalingana hatazami uso. Anasoma tarakimu, anazilinganisha na karatasi, anaridhika.

Hata tukichukulia kwamba hakuna aliyegusa nyundo, hirizi bado haifanyi kazi. Carrera RS 2.7 ilionyeshwa Paris Oktoba 1972. Kanuni za mbio zilidai magari 500, yakaundwa 1,580. Kati ya hayo, 200 ndiyo yaliyokuwa mepesi kweli, yenye kifurushi cha M471: hayana viti vya nyuma, hayana saa, mlango unavutwa kwa kamba, chini ni zulia jembamba lisilo na vizuia sauti. Mengine 1,308 yalikuwa ya M472, yaliyopambwa kwa ajili ya mteja anayetaka kwenda kazini bila kelele. Hamsini na tano yalikuwa ya mashindano halisi, na 17 yalibaki katika umbo lililotumika kwa usajili wa mbio. Yale 200 na yale 1,308 yalitumia injini ya aina ile ile. Sasa fikiria gari la M472, halali kabisa, lenye injini yake ya kuzaliwa, ambalo mwenyewe ameling'oa viti, saa na mazulia, akafunga kamba kwenye milango, kisha akaliuza kama moja ya yale 200, kwa bei iliyo juu zaidi. Namba zinalingana? Ndiyo, zote. Gari ni la kweli? Ni Carrera RS ya kweli inayosema uongo kuhusu nafsi yake. Hirizi imelipitisha bila kukohoa, na mnunuzi amelipia utupu: amelipa zaidi ili apate vitu vichache, na hata uchache huo si wa kiwandani.

Mtu aliyesoma kidogo atajibu kwamba ndiyo maana kuna cheti. Tuelewane kuhusu cheti. Barua ya kawaida inayotoka kwenye kumbukumbu za mtengenezaji huandikwa kwa kusoma daftari, si kwa kulitazama gari. Inasema kwamba chasisi fulani iliundwa mwaka fulani, ikapewa injini fulani, rangi fulani na vifaa fulani. Hayo ni maneno ya kweli kuhusu gari lililotoka kiwandani. Hayasemi lolote kuhusu chuma kilichosimama mbele yako. Carrera RS iliyoteketea au kusagwa kwenye ajali bado inaishi katika daftari, na mwenye kipande chake cha bati chenye namba anaweza kukichomelea kwenye bodi ya 911T ya kawaida ya mwaka huo huo, maana umbo la msingi ni moja. Barua itamuunga mkono kwa kila mstari. Ndivyo wanavyozaliwa mapacha wenye jina moja: bodi ya kale iliyotupwa kwa mmoja, namba na karatasi kwa mwingine, kila mwenye gari akiapa kwamba lake ndilo. Cheti ni kitambulisho. Kazi ya mkaguzi ni kutazama kama sura iliyo kwenye kitambulisho ndiyo iliyokaa kwenye kiti.

BMW 3.0 CSL ina tambiko lake pia, nalo ni la sumaku. Herufi ya L ni ya wepesi, na ili kuupata, milango, boneti na mfuniko wa buti viliundwa kwa alumini. Basi imeenea imani kwamba ukibandika sumaku mlangoni ikaanguka, umepata CSL. Umepata mlango wa alumini. Milango ina bawaba, na chochote chenye bawaba hufungwa na kufunguliwa, 3.0 CSi ya kawaida huvishwa milango hiyo mchana mmoja. Kinyume chake nacho huwapotosha watu. Kati ya CSL 1,265 zilizoundwa, 500 zilipelekwa Uingereza na nyingi kati ya hizo zilikuwa na starehe ambazo wenye imani ya wepesi hawataki kuziona, na wapo wanaozikataa kwa sababu hazina sura ya umaskini waliyoitarajia. Hata bawa kubwa la nyuma la matoleo ya mwisho, ambalo kila mtu hulitaka, halikuwa limefungwa magari yalipouzwa Ujerumani. Lilipakiwa kwenye buti, kwa kuwa sheria za barabarani hazikuliruhusu. Sumaku haijui lolote kati ya haya.

Pingamizi zito kuliko yote linakuja kutoka upande wa mbio, na linastahili jibu. Husemwa: kama injini ya asili haipo, gari limepoteza moyo wake. Lakini tukumbuke magari haya yaliundwa kwa kazi gani. Mshindi wa Safari Rally ya mwaka 1974 alikuwa Joginder Singh na Mitsubishi. Wa pili alikuwa Björn Waldegård na Porsche 911 Carrera RS. Gari lililopita matope na mawe ya Afrika Mashariki kwa namna ile halikutunzwa kama sahani ya kauri. Timu za mbio hubadilisha injini, giaboksi na shokomzoba kama mkulima anavyobadilisha mpini wa jembe, na gari la timu lenye historia ndefu ya mashindano likija na kila namba ya kuzaliwa mahali pake ndilo linalotakiwa kujieleza. Namba isiyolingana, ikiwa na risiti, picha na kumbukumbu ya lini ilibadilishwa na kwa nini, ni ushahidi wa maisha. Namba inayolingana bila maelezo yoyote ya miaka 50 iliyopita ni kimya, na kimya kwenye biashara hii ni ghali. Kwa hiyo sisemi namba hazina uzito. Injini ya asili huongeza thamani, na ni haki iongeze. Ninasema namba ni swali la mwisho, na watu wanalifanya la kwanza.

Wengine huliendea jambo kwa njia nyingine: kopi inakwenda kasi ile ile, sasa ubishi wa nini? Hao wamesema kweli, na ningependa wawe wengi. 911T iliyovishwa mkia wa bata (lile bawa dogo la nyuma la Carrera RS), fenda pana za nyuma na injini ya lita 2.7 ni gari zuri, na Audi quattro ya kawaida iliyokatwa sentimita 32 ili ifanane na Sport quattro inaweza kuwa kazi ya fundi hodari. Hakuna dhambi. Dhambi huanza neno "kopi" linapoondolewa kwenye tangazo. Anayelipa bei ya gari adimu hanunui mwendo. Mwendo unapatikana kwa bei ndogo. Ananunua historia, na historia haichomelewi.

Ndiyo maana inasikitisha kuona wamiliki wakiharibu ushahidi wao kwa mikono yao kwa jina la kurudisha gari upya. Gari halisi limejaa alama ambazo hakuna anayezighushi zote kwa pamoja, kwa sababu ni nyingi na hazina fahari: tarehe zilizopigwa ndani ya rimu za Fuchs, misimbo ya mwezi na mwaka kwenye vifaa vya Bosch, maandishi ya watengenezaji kwenye vioo, mishono ya uchomeleaji wa kiwandani chini ya zulia, tabaka la rangi ya kwanza kwenye pembe zisizofikiwa na brashi. Alama hizi zikisimulia hadithi moja, na tarehe zake zikitangulia kidogo tarehe ya kuundwa kwa gari, hapo tunaanza kuamini. Kisha anatokea mtu analipeleka gari likapigwe mchanga hadi chuma kitupu, rimu zing'arishwe, vioo vibadilishwe, na anarudi na kitu kinachong'aa ambacho hakiwezi tena kujitetea. Namba zinalingana, ndiyo. Hakuna kingine kilichobaki cha kulingana nazo.

Cha kufanya, kwa haraka. Agiza barua ya kumbukumbu wewe mwenyewe. Usipokee nakala ya muuzaji. Soma misimbo ya vifaa kabla ya namba ya injini. Dai mnyororo wa wamiliki na picha za zamani, na pale mnyororo unapokatika, punguza bei au ondoka. Mlipe mkaguzi anayeijua modeli hiyo peke yake, asiyepata kamisheni, na gari lipandishwe juu, zulia lifunuliwe. Gari lipimwe uzito. Mashaka yakibaki kwenye namba, uso wa chuma ukaguliwe maabara kabla ya malipo. Muuzaji akikataa lolote kati ya haya, amekwisha kukujibu. Kama pesa hazitoshi, nunua kopi iliyotangazwa kuwa kopi na uiendeshe kwa raha. Na swali lako la kwanza lisiwe tena kama namba zinalingana. Uliza gari lilikuwa wapi, kwa nani, mwaka hadi mwaka, tangu 1973 hadi leo. Mwenye gari la kweli atachoka kujibu kabla wewe hujachoka kuuliza.