Maziwa Huanzia kwa Ndama

Mfugaji wa Lushoto ambaye ng'ombe wake wa kisasa hutoa maziwa haba aghalabu huilaumu nasaba: husema kwamba amedanganywa, kwamba damu ya Friesian aliyoahidiwa imekwisha nguvu, au kwamba mbegu ya mhimilishaji ilikuwa dhaifu. Ni mara chache lawama hiyo huwa ya haki. Kwa maumbile ya ng'ombe, kadiri ya maziwa yatakayoingia ndooni huanza kuamuliwa miaka miwili au zaidi kabla ya ndoo kuwekwa chini ya kiwele, wakati mnyama huyo angali ndama afungwaye pembeni mwa banda na kulishwa masalio ya mama yake.

Milima ya Usambara imejaaliwa hali ya hewa imfaayo mnyama huyu mgeni. Mji wa Lushoto umekaa yapata mita 1,400 juu ya bahari, na ng'ombe wa asili ya Ulaya, ambaye huanza kutaabika joto likipita nyuzi 25 hivi, hapo hula akashiba, ilhali chini bondeni Mombo angehema mchana kutwa na kususia majani. Lakini mashamba ni finyu na miteremko ni mikali. Ndiyo sababu mradi wa SECAP, uliofanya kazi wilayani katika miaka ya 1980, uliwahimiza wakulima wapande majani ya Guatemala na mabingobingo katika mistari ya kuzuia mmomonyoko, wayakate, wawapelekee ng'ombe bandani. Nauona ushauri huo kuwa wa hekima. Hata hivyo ulimfanya ng'ombe awe mtegemezi wa mkono wa binadamu kwa kila tonge na kila funda.

Ndama huzaliwa bila kinga, kwa kuwa kondo la ng'ombe haliruhusu kinga ya mama kupita katika damu ya mimba, na hana budi kuipata katika dang'a, tena mapema sana, kwani utumbo wake huweza kuipokea kwa siku moja tu, na saa sita za kwanza ndizo bora kupita zote. Baadaye, baina ya mwezi wa 3 na wa 9 wa umri, tishu za maziwa kiweleni mwa mtamba hukua kwa kasi kuliko mwili wenyewe. Katika muda huo huo wafugaji wengi humsahau, kwa sababu hanyonyi tena wala hajaanza kuleta faida. Mtamba mwenye njaa huchelewa kupevuka, maana upevu wa ng'ombe hufuata uzito zaidi kuliko umri: aliyelishwa vema hupata joto lake la kwanza akiwa na mwaka mmoja hivi, na aliyedhulumiwa huenda akapita miaka miwili. Anenepeshwaye kwa pumba nyingi naye hudhurika, kwa kuwa mafuta hukamata nafasi ya tishu za maziwa. Yamfaayo ni majani mabichi yaliyochanganywa na mikunde, kama desmodiamu.

Asipozaa hatoi maziwa, na hapa banda la Usambara lina taabu yake. Joto hurudi kila baada ya siku 21, nalo hudumu nusu siku au zaidi kidogo, mara nyingi usiku. Malishoni ng'ombe hupandwa na wenzake, naye husimama akatulia, na kila mpitaji huona. Lakini aliye peke yake bandani hana wa kumshuhudia. Mwenye kumhudumia hana budi kutazama ute mwangavu unaoning'inia nyuma, mlio usio wa kawaida, na maziwa yaliyopungua ghafula asubuhi hiyo. Akionekana asubuhi ahimilishwe jioni. Akionekana jioni ahimilishwe asubuhi ifuatayo. Akipitwa, siku 21 zimepotea.

Tazama sasa wakati wa kukama. Mama wa nyumba aoshapo kiwele kwa maji ya uvuguvugu, habari ya mguso huo hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na tezi iliyo chini ya ubongo huachia homoni iitwayo oksitosini, ambayo hufika kiweleni kwa damu na kuviminya vifuko vidogo mno vyenye maziwa. Nguvu yake hupungua baada ya dakika chache. Ng'ombe akipigwa au akitishwa, homoni ya hofu huizuia, na maziwa hubaki ndani. Zebu wa asili hushikilia zaidi, hata aghalabu ndama wake hutangulizwa anyonye kwanza.

Na maziwa hayo, kwa sehemu 87 katika 100, ni maji. Ili lita moja ipatikane, damu ya lita 400 au 500 hupita kiweleni, na damu haiwi nyepesi ya kutosha pasipo kunywa. Ng'ombe wa lita 10 huhitaji yapata lita 50 za maji kwa siku, pamoja na yaliyomo majanini, na katika vijiji vingi vya milimani maji hayo hupandishwa mteremko kichwani mwa wanawake na watoto, ambao pia ndio wakatao majani. Nawasihi wanaume wenye ng'ombe, kabla ya kutafuta mbegu ya dume mwingine, wapandishe maji hayo wao wenyewe, na wampe mtamba wao haki yake ya majani tangu siku aachapo kunyonya.