Kuripoti Matumizi ya Diski kwa Mtumiaji: Mfano wa Picha za Wanyamapori, Karatu na Ngorongoro

Katika boma la Kimaasai la Ngorongoro, ng'ombe wa kaya kadhaa hulala zizi moja. Mwenye mali hutambuliwa kwa alama ya mnyama. Unix nayo huandika namba ya mmiliki katika inodi ya kila faili, si katika saraka ilimowekwa. Ichukuliwe kompyuta ya pamoja iliyopo Karatu, inayopokea picha za kamera za wanyamapori kutoka kwa watafiti mbalimbali. Amri ya du hujumlisha kwa saraka, hivyo haionyeshi nani amejaza diski. Amri ya find yenye sharti la -user huchuja kwa mmiliki, ila hupitia faili moja moja. Katika hifadhi jirani, mradi wa Snapshot Serengeti ulikusanya seti za picha milioni 1.2 kati ya 2010 na 2013. Kwa wingi huo, repquota inafaa zaidi, kwani husoma hesabu ambazo mfumo umekwisha kuziweka. Hatari kubwa zaidi hujitokeza akaunti inapofutwa: faili hubaki na namba tupu, na mtumiaji mpya akipewa namba hiyo, ripoti humhesabia picha za aliyeondoka, naye ana uwezo wa kubadilisha yaliyomo.