Je, kansa inakufa njaa mukimukatazia mugonjwa sukari?

Bandugu, kila mara kansa inaingia mu familia, kuna mwenye kusema: "Mumukatazie sukari na ugali, ile kitu itakufa njaa." Hapo ndani kuna nusu ya ukweli. Nusu ya pili inaweza kumaliza mugonjwa.

Ule ukweli ulionekana miaka ya 1920 na Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani. Aliona kama seli za uvimbe zinakula glukozi nyingi kupita seli za kawaida, kisha zinaigeuza asidi ya laktiki, hata kama oksijeni iko ya kutosha. Ni ajabu. Kwa kasiksi, chachu inageuza sukari ya ndizi kuwa pombe bila kuhitaji hewa, tunaelewa. Lakini kansa inafanya karibu vile wakati hewa iko! Na faida ni kidogo: glukozi moja inatoa ATP 2 tu, kumbe ikiunguzwa yote mu mitokondria ingetoa karibu 30.

Juu ya nini kupoteza vile? Warburg alifikiri mitokondria zimeharibika. Leo tunajua kwamba kwa kansa nyingi zingali zinafanya kazi. Seli inayojigawanya mbio haitafute nguvu tu, inatafuta pia vifaa vya kujenga: ADN, mafuta ya utando wake, asidi amino. Sehemu ya glukozi inaenda kule. (Sisi wa agronomia hatushangae: mumea unaokua hauunguze sukari yake yote, nyingine inakuwa majani.)

Waganga wanatumia huu ulafi. Kwa picha ya PET wanadunga glukozi yenye fluori 18, na fasi uvimbe uko inawaka. Metotreksati inafunga njia ya folati, yenye seli inahitaji kwa kutengeneza ADN. Asparajinazi nayo inaharibu asparajini mu damu. Seli za lukemia fulani haziwezi kujitengenezea ya kutosha, zinakufa, lakini seli nyingi za kawaida zinajitengenezea.

Muone tofauti. Dawa inafunga njia moja yenye kansa inategemea. Njaa inapiga mwili muzima, na glukozi haiishe mu damu: ini linaitengeneza, hata kwa kubomoa nyama ya mwili. Mugonjwa anakonda, anashindwa kuvumilia chimio, mara ingine munganga analazimika kupunguza dozi.

Soda kila siku haifae mutu yeyote, sawa. Lakini ugali wake, ndizi na uji mumuachie. Kama ana diabete, munganga njo atapanga chakula, hapana jirani.