Mwani wa Kahawia na Utando wa Miamba ya Mwanza

Kiswahili ni lugha iliyolelewa na bahari, na maneno yake mengi ya viumbe vya majini yalipata maana zao pwani kabla ya kuchukuliwa bara. Neno mwani ni mojawapo. Mtu wa Unguja au wa Lamu alisikiapo huona mmea uotao mawimbini. Mwanafunzi wa Mwanza, ambaye maji yake ni ya Ziwa Viktoria, hupewa neno lilo hilo kuwa jina la utelezi ulio juu ya jiwe akanyagalo ufukoni. Yafaa tuonyeshe kwamba vitu hivyo ni viwili, na kwamba jina moja halivitoshi.

Na tuanze baharini. Mwani wa kahawia hupenda miamba kwa kuwa hauna mizizi. Una kishikizo tu, ambacho kazi yake ni kung'ang'ania jiwe. Chakula hukipata majini kwa mwili wote. Katika pwani yetu maadui wake ni wimbi, na jua la wakati wa maji kupwa. Sargassum huinua majani yake penye mwanga kwa vibofu vidogo vya hewa; Padina hukunjuka mfano wa upepeo; Turbinaria ni mgumu, hauraruki upesi.

Ziwani hakuna chumvi, wala maji kupwa na kujaa yaonekanayo kwa jicho. Na mwani wa kahawia, isipokuwa aina chache mno duniani, ni wa maji ya chumvi. Je, ni nini basi kile cha hudhurungi kipakacho mawe ya matale katika Ghuba ya Mwanza? Ni utando wa viumbe vidogo sana, miongoni mwao diatomu, wenye magamba ya silika. La ajabu ni kwamba diatomu ni jamaa ya mwani wa kahawia: wote wana fukozanthini, rangi ifunikayo ukijani wao. Kinyume chake, mwani uliolimwa Paje na Jambiani tangu mwaka 1989, hata uwapo wa kahawia machoni, ni wa kundi la mwani mwekundu. Rangi peke yake, basi, si mwongozo wa jina.

Utando huo ni malisho. Miongoni mwa samaki wa miambani, ambao wavuvi wa Mwanza huwaita mbipi, wamo wenye meno ya kuukwangua, kama jamii ya Neochromis. Wengine hutegemea mwanga kwa njia nyingine. Pundamilia nyererei, aliyepewa jina mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, ana dume mwekundu, na jike humchagua kwa rangi yake. Rutuba ya mashambani na taka za miji zizidipo majini, vijimea vielevyo huongezeka na mwanga hupungua. Hapo utando wa chini hudhoofika, na jike hashiki tena tofauti za rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba penye maji ya ukungu aina za samaki hao huwa chache.

Wataalamu hao hawakudharau maneno ya wenyeji. Mwaka 1998 jamii mbili za samaki hao zilipewa majina Mbipia na Pundamilia: la kwanza limetoka vinywani mwa wavuvi, la pili ni Kiswahili kitupu. Haifai sisi wa lugha tubaki nyuma yao. Napendekeza mwani uachiwe mimea ya bahari, na utelezi wa ziwani uitwe utando wa mwamba, mpaka wavuvi wa Kisukuma na wa Kikerewe watakapoulizwa majina walio nayo. Mtoto asiye na jina la utando hatajua la kusema siku utakapotoweka.