Gari la Mjomba na Siku ya Uhuru

Picha ilinifikia kwa WhatsApp usiku, kutoka kwa binamu yangu aliyeko Bunda. Mjomba amesimama kando ya gari, mkono juu ya madigadi, uso umejaa furaha. Mpiga picha alimtaka mjomba, gari halikumhusu, kwa hiyo amelikata mlangoni. Limebaki na taa moja, madigadi moja na kipande cha boneti. Nyuma ya picha pameandikwa kwa wino wa bluu: "Uhuru 1961". Tangu nikiwa mtoto Musoma, ukoo mzima tumeipokea tarehe hiyo bila swali.

Gari ni Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe, hilo halina ubishi. Kilichonizuia kuikubali tarehe ni taa. Kwenye Volkswagen za miaka ya 1950 na sehemu kubwa ya 1960, kioo cha taa ya mbele kimelala, kinafuata mteremko wa madigadi kama jicho linalotazama juu. Kuanzia modeli ya 1968 taa zikasimama wima (zile za Marekani zilitangulia mwaka mmoja). Ya mjomba imesimama wima kabisa. Tarehe 9 Desemba 1961 taa ya namna hiyo ilikuwa bado haijafungwa kwenye Volkswagen yoyote ya mgongo wa kobe.

Binamu akanijibu kwa hoja nzuri: madigadi ya Volkswagen hufungwa kwa bolti, pengine fundi aliibadilisha. Inawezekana sana. Lakini fundi wa 1961 angeitoa wapi spea ya 1967?

Hapo ndipo penye siri ya kazi hii ya kutafuta mwaka wa picha kwa kutazama gari, hasa kwa magari ya kwetu. Wazungu wanaokusanya magari ya kale huuliza kwanza gari ni la mwaka gani. Kwetu swali hilo linapotosha, maana gari la kwetu mkoani Mara limeungwa: mlango wa hili, shoo ya lile, injini ya jirani. Mimi natafuta kipande kipya kuliko vyote vinavyoonekana. Hicho ndicho kinachokataza picha kuwa ya zamani zaidi yake. Cha kale hakithibitishi kitu, kwa sababu Land Rover ya 1960 inaweza kukutwa Makutano miaka thelathini baadaye ikiwa bado inabeba watu na magunia.

Na Land Rover ndiyo gari ninalotumiwa picha zake zaidi kutoka Musoma na Butiama. Serikali ilizitumia, hifadhi ilizitumia, wamisionari pia. Ukipewa ubavu tu, tazama chini ya madirisha: kuanzia Series II ya 1958 bodi ina uvimbe mrefu kama pipa, wakati za kabla yake zimenyooka kama ukuta. Ukipewa uso tu, angalia taa zilipo. Kwa miaka mingi zilikaa katikati, karibu na rejeta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikahamia kwenye madigadi. Shoo ya plastiki badala ya wavu wa chuma inakuleta Series III, yaani 1971 na kuendelea. Kwa alama hizo tatu nimeweza kupanga albamu nzima ya familia moja.

Wasomaji mlioko Marekani mna nafasi ambayo waliobaki nyumbani hawana. Mapadre wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946, na kumbukumbu zao zinatunzwa Ossining, jimbo la New York. Wamennonite walioanza Shirati mwaka 1934 walitumwa kutoka Pennsylvania. Picha za wazee wetu wakiwa kando ya magari ya misheni zilisafiri na wamisionari hao. Nendeni mkaziulizie.

Halafu kuna picha za "gari la Safari". Karibu kila familia inadai kuwa nayo. Mashindano hayo ya magari, Safari Rally, yalianza 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Sisi Watanzania tuna sababu ya kuyapenda: Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza saba tu, na mshindi akawa Peugeot 404 tena, safari hiyo ya Nick Nowicki. Taa za ziada kwenye bampa hazinishawishi, kwani yeyote aliweza kuzifunga. Namba ya mlangoni ndiyo ninayoitaka, kwa sababu naweza kuilinganisha na magazeti ya wakati huo.

Pembe ya nyuma iliyochongoka, peke yake, isikuharakishe kusema ni 404. Mbunifu wake, Pininfarina, alichora pia Austin Cambridge ya 1959, na mikia yao ni ya ukoo mmoja. Ford Cortina ya kwanza ni rahisi zaidi: taa ya nyuma ni mviringo uliogawanywa vipande vitatu.

Usukani ukionekana kushoto, huenda gari limetoka Kongo, Rwanda au Burundi. Au picha imegeuzwa wakati wa kusafishwa. Tazama shati: mfuko wa shati la kiume huwa upande wa kushoto wa kifua. Kibandiko cha nyuma nacho kinasaidia: EAT ni Tanganyika, EAZ Zanzibar, EAK Kenya, EAU Uganda.

Kwa ajili ya mfuko wa shati la mjomba nilimpigia mama, mdogo wake mjomba, nikamwomba aitazame picha upya. Sikumwambia habari za taa. Akakaa kimya, kisha akacheka.

"Shati hilo nilimnunulia mimi, Musoma mjini. Mshahara wangu wa kwanza wa ualimu."

Mama alianza kufundisha mwaka 1971.