Saa Janja au Mashine ya Presha: Pesa Yako Iende Wapi?

Kwa shilingi 1,500 hivi, mnunuzi wa Meru au Embu anapata saa janja isiyo na jina linalojulikana, inayodai kupima mapigo ya moyo, presha, oksijeni, usingizi na hata sukari. Bendi ya Xiaomi huanzia kama 4,000. Apple Watch au Garmin nzuri itakutoa 30,000 na zaidi. Bei inapanda mara ishirini, lakini usahihi wa vipimo haupandi hivyo.

Tuanze na hatua. Saa haioni miguu. Inahisi mtikiso wa mkono, kisha inakisia. Kwa mtu anayetembea huku akipunga mikono, hesabu hukaribia ukweli hata kwenye bendi ya bei nafuu. Ila kazi za huku kwetu ni nyingine. Mchuma chai wa Kionyo au Mungania mikono yake haitulii hata akiwa amesimama, na saa inaweza kumwandikia hatua ambazo hakupiga. Anayesukuma mkokoteni wa ndizi kwenda soko la Gakoromone ameshika mpini, mkono umetulia, na safari yake inahesabiwa nusunusu. Mwendeshaji bodaboda naye huongezewa hatua na mashimo ya barabara. Kama unachotaka ni hatua tu, simu iliyo mfukoni mwako inazihesabu bila malipo, tena ikiwa karibu na nyonga yako.

Mapigo ya moyo ndiyo ambayo saa zinayajua vizuri. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa 7 kwa watu 60: vifaa 6 vilikosea mapigo kwa chini ya asilimia 5. Kwenye kalori mambo yaliharibika. Kilicho bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, kibovu kabisa asilimia 93. Usipange chakula chako kwa namba hiyo, uwe umelipa elfu mbili au elfu hamsini.

Wengi huuliza kama taa ya kijani iliyo chini ya saa inasoma ngozi nyeusi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, mwaka 2020, walipima watu 53 wa rangi mbalimbali na hawakuona tofauti ya maana. Kilichovuruga vipimo ni kujongea. Oksijeni ni suala jingine. Mwaka huohuo ilichapishwa Marekani kwamba hata vifaa vya kidole vya hospitali vilipoonyesha oksijeni ya kutosha, wagonjwa Weusi karibu 12 kati ya 100 walikuwa wamepungukiwa, dhidi ya Wazungu karibu 4. Sembuse saa ya dukani.

Usingizi hupimwa hospitalini kwa mawimbi ya ubongo. Saa haina njia ya kuyafikia. Inatazama utulivu wa mkono na mapigo. Ukilala macho bila kujigeuza, itakuandikia usingizi. Na aliyetafuna miraa ya Igembe au muguka wa Mbeere, vitu vinavyoharakisha moyo, anaipa saa picha isiyo ya kawaida yake.

Linaloniumiza ni presha na sukari. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu wasitumie saa au pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Haijaidhinisha hata moja. Mgonjwa anayejidunga insulini kwa kufuata namba kama hiyo anaweza kuzirai, hata kufa. Kwa presha, hata Samsung huwataka watumiaji wasawazishe saa zake kwa mashine ya presha ya mkanda kila siku 28. Maana yake utainunua mashine hiyo hata hivyo, na huuzwa katika maduka ya dawa kwa bei isiyo mbali na ya bendi ya Xiaomi. Kipima sukari cha tone la damu huwa nafuu zaidi, ila weka hesabu ya stripu, kwa kuwa zinanunuliwa tena na tena.

Ukiamua kununua saa, ijaribu dukani: weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa dakika nzima, kisha linganisha. Muuzaji akikataa, ondoka.

Uamuzi wangu: ya shilingi 1,500 iache. Bendi ya elfu tano inamtosha anayetembea kwa afya. Ya elfu thelathini ni ya mkimbiaji anayehitaji ramani na kasi. Na nyumba yenye mgonjwa wa presha au sukari inunue kwanza mashine ya mkanda au kipima sukari, kisha namba zipelekwe kliniki.