Keith Alexander, Mwalimu wa Wachezaji Walioachwa

Hakuna nyumba siku hizi isiyo na kijana ajuaye majina ya wachezaji wakubwa wa mpira wa Ulaya, na mishahara yao, na hata rangi ya viatu vyao. Hatuna neno juu ya hayo. Lakini leo twapenda kuwaeleza habari za mtu ambaye vijana hao hawamjui, wala hata Uingereza kwenyewe hakujulikana sana ila katika miji midogo. Jina lake Keith Alexander. Alicheza mpira akiwa mshambuliaji katika timu za chini, kisha akawa mwalimu wa timu za chini, na wala hakupata kufundisha timu ya ligi ya juu hata siku moja. Twaona habari zake zafaa kusomwa, na hasa na walimu.

Kwanza yafaa msomaji ajue jinsi mpira wa Uingereza ulivyopangwa. Timu 92 zimegawanywa katika madaraja manne, moja chini ya jingine. Fedha nyingi ziko daraja la juu. Daraja la nne lina timu 24, na huko mchezaji hupata riziki yake tu. Tena chini ya hayo manne ziko ligi nyingine nyingi, ambamo watu hufanya kazi mchana, wakafanya mazoezi jioni, na Jumamosi hupanda basi kwenda kucheza. Mtu akifika miaka ishirini na mitano yungali huko, kwa kawaida hakuna tena amtafutaye.

Huko ndiko alikokaa Alexander. Alizaliwa Nottingham mwaka wa 1956, naye ni mweusi, mwenye asili ya kisiwa cha Saint Lucia, akapata hata kuichezea nchi hiyo. Alikuwa mrefu, mwenye miguu mirefu, naye alipita katika timu nyingi za ligi hizo za chini, kama Kettering na Wisbech na Barnet. Miaka ikapita. Hata mwaka wa 1988, alipokuwa na miaka 31, umri ambao wengine hufikiri habari za kuacha, ndipo timu ya daraja la nne ilipomchukua, nayo ni Grimsby Town.

Grimsby ni bandari ya wavuvi upande wa mashariki. Msimu ule wa kwanza timu ile ndogo ikasonga mbele katika Kombe la FA hata ikakutana na Wimbledon, waliolitwaa kombe hilo mwaka wa 1988. Watu wa Grimsby wakasafiri kwenda London wakiwa na samaki wa mpira waliojazwa upepo, maelfu, wakiwapunga hewani. Timu yao ikashindwa kwa mabao 3 kwa 1, lakini samaki wale hawajasahauliwa hata leo. Mwaka wa 1990 Grimsby ikapanda daraja. Baadaye Alexander akaenda Stockport, kisha Lincoln City, na kule Lincoln, miguu ilipoanza kuchoka, akapewa kuwafundisha vijana.

Basi mwezi wa Mei mwaka wa 1993 wakuu wa Lincoln wakampa timu nzima. Hapa twasimama kidogo, maana jambo hili lilikuwa kubwa kuliko mji wenyewe. Wachezaji weusi walikuwa wengi katika ligi za Uingereza wakati ule, wakishangiliwa, na pengine wakitukanwa na kurushiwa ndizi. Lakini ilipofika zamu ya kuchagua nani atakayeongoza wenziwe, hawakuitwa. Kabla yake tunamjua Tony Collins, aliyeiongoza Rochdale toka mwaka wa 1960, akaifikisha timu ile ya daraja la nne katika fainali ya Kombe la Ligi mwaka wa 1962. Ikapita zaidi ya miaka thelathini toka Collins kushika kazi ile, ndipo Alexander akapewa Lincoln. Fikirini, kazi ile walikuwa wakiitafuta watu wangapi waliokuwa na ujuzi na hawakuulizwa hata swali moja! Mwaka wa 2018 ligi ikaweka kanuni kwamba timu itakapotafuta mwalimu mpya kwa njia ya kuwahoji watu, ni lazima mmoja walau awe wa asili ya watu weusi au wa Asia. Kanuni kama hiyo haiwekwi mahali ambapo mlango uko wazi.

Mwaka wake wa kwanza haukuwa wa furaha. Timu yake ilicheza na Everton ya ligi ya juu katika Kombe la Ligi, ikafunga mabao 3, Everton 4, na watu wakaisifu. Lakini katika ligi ilimaliza karibu na mkia, naye akaondolewa baada ya msimu mmoja. Wengi huishia hapo. Yeye akarudi kule chini alikotoka, akafundisha Ilkeston, kisha Northwich, timu za watu wafanyao kazi mchana. Hakuona haya. Na huko akajifunza jambo ambalo walimu wa juu hawakulijua, yaani kwamba katika viwanja vile vya matope wamo watu wenye nguvu na akili ambao wameachwa kwa sababu tu hakuna aliyekwenda kuwatazama.

Mwaka wa 2002 kampuni ya televisheni iliyoahidi ligi pauni milioni 315 kwa miaka mitatu ilianguka, na timu nyingi ndogo zilizokwisha kutumia fedha ambazo hazijaja zikajikuta katika madeni. Lincoln ilikuwa mojawapo. Ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, washabiki wakachanga fedha, wachezaji wakapunguzwa. Katika hali hiyo ndipo Alexander alipopewa tena timu ile ile iliyomwondoa miaka minane nyuma. Hakuwa na fedha ya kununua mtu. Msimu ule kwa mara ya kwanza timu mbili, wala si moja, zilikuwa zishuke kutoka daraja la nne, na wajuzi wa magazeti waliiweka Lincoln miongoni mwao.

Akaenda kutafuta kule anakokujua. Mmoja aliyemleta ni Simon Yeo, ambaye alikuwa tarishi wa posta akicheza mpira katika timu ya Hyde. Wengine walikuwa wameachwa na timu zao. Wengi walikuwa warefu kama minazi, naye hakuwataka wafanye wasiyoyaweza: mpira upigwe mbele, kona na mipira ya adhabu ifanyiwe mazoezi kila siku, kila mtu ajue mahali pake pa kusimama. Wapo waliomdharau wakisema huo si mchezo mzuri wa kutazama. Sisi hatuoni kosa. Mwalimu aliyepewa ubao mmoja na chaki vipande viwili hafundishi kama yule mwenye maktaba, na anayestahili kuulizwa ni kama wanafunzi wamejua kusoma.

Siku ya mwisho ya msimu, Mei mwaka wa 2003, Lincoln walihitaji sare na Torquay ili waingie katika michezo ya mchujo. Walikuwa nyuma kwa bao moja, dakika zikiisha, na aliyesawazisha ni yule tarishi wa posta. Timu iliyotabiriwa kushuka ikamaliza ya sita.

Michezo hiyo ya mchujo yataka maelezo. Timu tatu za kwanza hupanda daraja bila swali; ya nne hata ya saba hushindana, na moja tu ndiyo hupanda. Kwa hiyo mtu aweza kufanya kazi njema miezi tisa, akapoteza yote kwa saa moja na nusu. Lincoln wakawashinda Scunthorpe, wakaenda kucheza fainali katika uwanja mkubwa wa Cardiff, wakapigwa na Bournemouth mabao 5 kwa 2.

Novemba mwaka ule Alexander akaanguka nyumbani kwake. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Akapasuliwa, na walio karibu naye hawakujua kama atapona. Wasaidizi wake, mmoja wao Gary Simpson, wakaishika timu kwa njia ile ile aliyoiweka, wala haikuyumba. Kabla msimu haujaisha alikuwa amerudi kazini, na Lincoln wakaingia tena katika mchujo, wakatolewa na Huddersfield. Mwaka wa 2005 wakaingia mara ya tatu, wakafika Cardiff tena, wakashindwa na Southend mabao 2 kwa 0 katika muda wa nyongeza. Mwaka wa 2006 mara ya nne. Na safari hii waliowatoa walikuwa Grimsby, wale wale waliompokea akiwa na miaka 31.

Mara nne katika miaka minne alifika mlangoni, na mara nne mlango ukafungwa. Waweza kusema alishindwa, na kitabu cha ligi chasema hivyo. Lakini uliza ni nini kilichoweza kuwapata watu wa Lincoln mwaka wa 2002. Baada ya yeye kuondoka mwaka wa 2006 wakaingia mchujo mara ya tano wakakosa. Mwaka wa 2011 wakaanguka nje ya madaraja manne kabisa. Wakarudi mwaka wa 2017, na hawakupanda daraja la tatu hata mwaka wa 2019. Kwa hiyo ile timu ya akina Yeo, iliyokusanywa bila fedha, ilikuwa karibu kuliko nyingi zilizoifuata.

Akapita Peterborough miezi michache, kisha Bury, na Februari mwaka wa 2008 akaitwa Macclesfield, mojawapo ya timu maskini kuliko zote katika ligi, iliyokuwa hatarini kushuka. Akaiokoa. Hapo hapo Paul Ince alikuwa ameianza kazi ya kufundisha mwaka wa 2006, naye akaiokoa timu hiyo, na mwaka wa 2008 akawa Mwingereza mweusi wa kwanza kufundisha timu ya ligi ya juu, yaani Blackburn. Alexander alibaki chini. Hatujui kwamba aliwahi kulalamika hadharani kwa hilo. Alikuwa na wachezaji wa kufundisha Jumanne na Alhamisi.

Tarehe 2 Machi mwaka wa 2010 Macclesfield walikwenda Nottingham kucheza na Notts County, wakashindwa bao 1 kwa 0. Ndio mji aliozaliwa. Alirudi nyumbani usiku, na alfajiri habari zikaenea kwamba amefariki, akiwa na miaka 53. Maziko yake yalisomwa katika kanisa kuu la Lincoln, lile lenye minara mitatu juu ya kilima, nalo likajaa watu: wachezaji aliowatoa katika viwanja vya matope, walimu wenziwe, na washabiki wa timu alizozifundisha na za wapinzani.

Gary Simpson, aliyeishika timu alipokuwa kitandani mwaka wa 2003, akaishika tena. Macclesfield hawakushuka msimu ule.